Maisha ya Disasi Makulo, Mtu wa Mto Aruwimi

Mto Kongo ukiisha kuyapita maporomoko ya Kisangani huteremka kwenda magharibi katikati ya msitu mkubwa, nao ni mpana hata mtu asimamaye ukingoni huenda asiuone ukingo wa pili, kwa ajili ya wingi wa visiwa. Mwendo wa kilometa kama 200 chini ya maporomoko, upande wa kaskazini, waingia mto mwingine uitwao Aruwimi. Hapo ndipo ulipo mji wa Basoko. Wenyeji wa kingo hizo walikuwa wavuvi, na mafundi wa kuchonga mitumbwi mirefu, na wapigaji wa ngoma za mti zisemazo habari kutoka kijiji hata kijiji. Nyuma ya wavuvi, ndani ya msitu, walikaa watu wa mashamba ya ndizi na mihogo, na miongoni mwao kabila la Waturumbu. Katika kabila hilo, kijijini Bandio, alizaliwa mtoto Disasi, mwana wa Asalo na mkewe Boheheli. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, maana hapakuwa na mwandishi. Wenye kuhesabu husema ni yapata mwaka 1871.

Alipokuwa angali mdogo sana, habari ya ajabu ilipita mtoni. Tarehe 1 Februari 1877 Stanley, aliyetoka Unguja mwaka 1874 akavuka bara yote, alifika penye kinywa cha Aruwimi pamoja na watu wake wa pwani. Wavuvi wakamtokea kwa mitumbwi 54, wakapigana naye, bunduki zikawashinda. Sisi tumezoea kusoma habari ya vita hivyo kwa upande wa yule aliyeandika kitabu. Kwa watu wa ukingoni lilikuwa jambo jingine kabisa: wageni wasiojulikana wameshuka na mto, wakaua, wakapita, wala hawakusema wanataka nini. Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Njia aliyoifungua Stanley kwa kushuka, wengine waliifuata nyuma yake.

Hao wengine walikuwa wafanya biashara wa pembe na watumwa, waliokuwa na makao yao Nyangwe na Kasongo katika Manyema. Wakubwa wao walikuwa Waarabu na Waswahili. Watu wao wa bunduki walikuwa zaidi vijana wa Manyema, ambao wengi wao walikuwa wenyewe watumwa, au wana wa watumwa. Wenyeji wa mto wakawapa jina la Batambatamba. Walikuwa wakiwasili usiku au alfajiri, wakizunguka kijiji, wakipiga bunduki na kutia moto nyumba. Wanaume wakikimbilia msituni, wanawake na watoto ndio washikwao. Kisha hungoja. Waume na baba hurudi na pembe za ndovu kuwakomboa watu wao, maana pembe ndiyo iliyotafutwa kwanza, na binadamu alikuwa kama chambo cha kuivutia. Asiyekombolewa huchukuliwa.

Mwaka 1883 Disasi alikuwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili, naye alishikwa katika mojawapo ya mashambulio hayo. Wazazi wake walijaribu kumkomboa, wasiweze. Bei ya mtu ilihesabiwa kwa pembe, na msitu uliokwisha kutetemeshwa na vita haukuwa na pembe za kutosha kwa kila mama aliyelia.

Katika uzee wake Disasi alisema kwamba bwana aliyemshika alikuwa Tippu Tip, na jina hilo ndilo lililodumu katika habari zake. Hamed bin Muhammed, ndiye huyo Tippu Tip, alikuwa mkubwa kuliko wote katika biashara ile. Lakini kwa hesabu ya safari zake mwenyewe alifika kwenye maporomoko mwishoni mwa mwaka 1884, na kikosi kilichouharibu ukingo ule mwaka 1883 kilikuwa cha watu waliotoka Nyangwe. Haifai kumlaumu mzee kwa jambo hili. Kwa watu wa Aruwimi kila mwenye kanzu na bunduki alikuwa mtu wa Tippu Tip, na mtoto aliyefungwa kamba haulizi hati ya mwenye kamba.

Liko neno jingine ambalo sisi tusomao kitabu hiki kwa Kiswahili tunapaswa kulisikia, ingawa si tamu. Watu wale walisema Kiswahili. Lugha yetu ya sala na ya shule, tunayojivunia upole wake, ilipanda na kushuka mto ule midomoni mwa watekaji, na Disasi aliisikia mara ya kwanza katika amri za kambi ya watumwa. Hata leo Kisangani husemwa Kiswahili, lakini ukishuka mtoni kufika Basoko utakutana zaidi na Kilingala.

Mwisho wa Novemba mwaka 1883 Stanley alipanda tena mto, sasa kwa merikebu za moshi, kwa amri ya Leopold II mfalme wa Ubelgiji. Juu ya kinywa cha Aruwimi aliona moshi na nguzo zilizoungua, kijiji baada ya kijiji. Kisha akaifikia kambi yenyewe. Aliandika kwamba vijiji 118 vilikuwa vimeharibiwa, na kwamba katika kambi ile walikuwamo mateka 2,300, wote wanawake na watoto, wamefungwa, wana njaa, wamelala juu ya uchafu wao. Wenye bunduki walikuwa watu 300 hivi. Stanley alikasirika, ikiwa tutayaamini maandishi yake, lakini hakupigana. Alizungumza na wakubwa wa kambi, akasafiri mpaka maporomoko, akaweka kituo huko tarehe za kwanza za Desemba, akashuka. Alipokuwa huko alinunua kwa bidhaa watoto kadhaa, wengi wao wavulana, akawapakia katika merikebu. Mmoja wao alikuwa Disasi.

Hapa inatupasa kusimama kidogo. Merikebu ile, iliposhuka kutoka maporomoko, ilipita tena mbele ya nchi ya watoto wale. Mito ile yote walikuwa wakiijua. Walikuwa wamekombolewa, ndiyo. Lakini hawakurudishwa kwa mama zao. Walichukuliwa mbele, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu, hata bwawa kubwa la mto mahali ulipo leo mji wa Kinshasa. Pengine ukingo ulikuwa umeungua na hapakuwa na mtu wa kumpokea mtoto. Pengine Stanley alitaka vijana wa kazi na wa lugha kwa ajili ya vituo vyake. Huenda yote mawili ni kweli. Aliyenunuliwa ili awe huru ni huru namna gani, hilo Disasi alipaswa kulijibu kwa maisha yake.

Huko Kinshasa aliwekwa mikononi mwa Mwingereza Anthony Swinburne, mkuu wa kituo. Baadaye akahamia kwa George Grenfell, mmisionari wa Wabatisti, na tangu hapo mpaka kifo cha Grenfell maisha ya hao wawili yalisukwa pamoja kama ukindu.

Habari za Grenfell zinajulikana kwa wengi. Alizaliwa Uingereza mwaka 1849, akafanya kazi kwanza Kameruni, kisha akaja Kongo mwaka 1878. Mkewe wa pili, Rose, alikuwa mwanamke mweusi wa asili ya Jamaica, na watu wa mto walimheshimu sana. Chama chake kilimpa merikebu ndogo ya moshi iitwayo Peace, maana yake Amani, iliyojengwa London mwaka 1882. Iliundwa, ikajaribiwa majini, ikakongolewa tena vipande vipande, mizigo kama 800, ikachukuliwa vichwani na wapagazi kuyapita maporomoko yote ya chini mpaka bwawani. Mafundi waliotumwa kuiunga walikufa kwa homa. Basi Grenfell mwenyewe, ambaye katika ujana wake alikuwa amefanya kazi ya vyuma, aliiunga kwa mikono yake akisaidiwa na Waafrika, nayo ikaelea mwezi wa Juni mwaka 1884. Kwa miaka miwili iliyofuata alipanda nayo mito ya Ubangi, Lulonga, Busira, Kasai na mingine, akiandika ramani kila siku, na mwaka 1887 wenye elimu ya jiografia huko London walimpa medali ya dhahabu.

Ramani hazichori wavulana. Merikebu kama ile ilikula kuni, na kuni hazikatwi na nahodha. Kila jioni ilifungwa ukingoni, vijana wakashuka na mashoka na misumeno, wakakata miti mikavu kwa mwanga wa moto mpaka usiku sana, ili kulipokucha mvuke uwe tayari. Wao ndio waliosimama mbele na upondo kupima kina cha maji kati ya visiwa vya mchanga. Wao ndio waliopaza sauti kwa wenye mitumbwi waliokuwa na mikuki mkononi, wakawaeleza kwamba wageni hawa hawakuja kushika watu. Kazi hiyo ya mwisho ilitaka mtu anayeaminika. Ni nani angeaminika kuliko yule aliyekuwa mwenyewe ameshikwa? Disasi alikua katika kazi hizo, na katika shule ya misioni ya Bolobo, iliyoanzishwa mwaka 1888. Alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa, akaoa, akawa mwalimu.

Siku ilifika akarudi kwao. Merikebu ya Grenfell ilipanda mpaka nchi ya Aruwimi, na Disasi akawakuta wazazi wake wangali hai. Mwenye kusoma Maandiko atafikiri habari ya Yusufu na baba yake Yakobo, wala hakosei. Lakini Yusufu hakuambiwa achague. Disasi alikuwa na kijiji chake mbele yake, na baba na mama, na shamba. Nyuma yake ilikuwa merikebu na kazi ya ualimu ambayo ilikuwa imeanza tu. Akaondoka tena na merikebu. Walimu wa leo wapelekwao mbali na kwao watajua uzito wa siku ile, na mama Boheheli aliujua zaidi.

Kwa miaka mingi Grenfell alitaka kufungua vituo katika sehemu ya juu ya mto, Serikali ya Leopold ikamnyima ardhi. Nchi yenyewe ilikuwa katika matata. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa maporomoko kwa mapatano na Stanley. Mwaka 1889 Serikali ilijenga ngome Basoko ili kuwazuia Waarabu wasishuke zaidi. Tippu Tip alirudi pwani, na kati ya mwaka 1892 na 1894 vikafuata vita vilivyomaliza enzi ya Waarabu katika Kongo. Watu wa ukingo walidhani wamepumzika.

Hawakupumzika. Katika miaka hiyo hiyo Ulaya ilihitaji mpira kwa magurudumu ya baiskeli na ya motakaa, na msitu ule una mitambaazi itoayo utomvu wa mpira. Serikali ikafanya mpira kuwa kodi. Kila kijiji kililazimishwa kuleta vikapu kwa hesabu. Wanaume wakakaa msituni wiki nzima au zaidi wakitafuta mitambaazi, kwa kuwa ya karibu imekwisha kukatwa. Mashamba yakaota majani. Walinzi wenye bunduki waliwekwa vijijini. Kijiji kikipungukiwa, wanawake hufungwa mpaka mpira uletwe. Mwalimu Disasi alipoona wanawake wamefungwa ili waume zao walete mzigo, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Aliyajua tangu utoto, ila wakati wa utoto wake mzigo ulikuwa pembe. Tena pakawa na jambo baya kuliko yote: walinzi walitakiwa waonyeshe kwamba risasi haikupotea, na ushuhuda wao ulikuwa mkono wa mtu, uliokatwa. Wakati huo huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu wengi kando ya mto.

Yapasa kusema kweli hata juu ya wema. Grenfell alichelewa kuamini. Alikuwa amepokewa na Leopold mwenyewe, amepewa nishani, na mwaka 1896 aliwekwa katika halmashauri ya kuwalinda wenyeji, halmashauri ambayo wajumbe wake walikaa mbalimbali sana, hata isiweze kufanya kazi. Aliona mabaya lakini alidhani ni makosa ya watumishi wadogo. Ni baada ya mwaka 1903, balozi wa Kiingereza Roger Casement alipopanda mto na kuandika taarifa yake, ndipo alipokiri nafsini kwamba ubaya ulikuwa katika shina. Watu wake wa mto walikuwa wakiyajua mapema. Twaweza kuuliza kama mwalimu Mwafrika angalisikilizwa upesi kama balozi alivyosikilizwa, jibu tunalo. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Mwaka 1902 Grenfell aliupanda Aruwimi mpaka mbali sana upande wa mashariki, karibu na mipaka ya Uganda, akitafuta njia ya kuunganisha misioni za Kongo na zile zilizotoka pwani ya mashariki. Katika miaka hiyo ndipo Disasi alipowekwa Yalemba, karibu na kinywa cha Aruwimi, awe mwanzilishi wa kituo kipya. Lilikuwa jambo geni. Desturi ya vyama vingi ilikuwa kwamba Mzungu huanzisha kituo na Mwafrika humsaidia. Yalemba ilianza na Mwafrika.

Na alianza kama kila mmoja wetu aanzavyo mahali pa msitu: kwa shoka na panga. Ufyeke, uchome, ujenge nyumba ya miti na majani, ukusanye watoto wawili watatu ambao baba zao wamekubali, uwafundishe herufi asubuhi na kulima jioni. Alikuwa na faida moja kuliko mmisionari yeyote aliyetoka ng'ambo. Watu wa pale walijua ni mwana wa nani. Walikumbuka mwaka aliotekwa. Mtu aliyekwenda na kamba shingoni amerudi na kitabu, akaomba apewe watoto wao, na walikuwa na haki ya kuogopa kila mtu aombaye watoto. Kama walimpa, walimpa kwa sababu ya yeye mwenyewe.

Mwaka 1906 Grenfell alishikwa na homa ya mkojo mweusi akiwa katika sehemu hizo. Merikebu ya Peace ikampeleka Basoko, palipokuwa na kituo cha Serikali, kwa tumaini la kupata msaada. Hakupona. Alikufa Basoko tarehe 1 Julai 1906, na hapakuwa na mmisionari mwenzake hata mmoja aliyekuwapo; waliomwuguza, waliomfunga macho na kumwimbia kaburini walikuwa vijana wake Waafrika. Alizikwa pale penye mikutano ya mito. Mwaka uliotangulia, 1905, Tippu Tip alikuwa amekufa kwake Unguja. Basi katika miezi kumi na mitatu wale wawili ambao majina yao yalifungamana na jina la Disasi, mmoja kwa kamba na mmoja kwa kitabu, waliondoka duniani, naye akabaki, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, na shule yake Yalemba.

Habari za miaka iliyofuata ni fupi kusimulia, kwa kuwa kazi ya mwalimu ni kufanya leo kama jana. Alifundisha, alihubiri, alizaa watoto, akaona merikebu zikizidi kuwa kubwa na wanafunzi wake wakienda kazini Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Alikufa mwaka 1941.

Tippu Tip, kabla ya kufa, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kitabu hicho husomwa na wenye elimu mpaka leo. Humo mna safari, bei, pembe na vita, na majina ya wakubwa. Watoto waliofungwa kambini hawamo kwa majina. Disasi naye aliwasimulia wanawe mambo yake, na mwanawe Makulo Akambu akayaandika. Yalipigwa chapa Kinshasa kwa Kifaransa mwaka 1983, miaka 42 baada ya mzee kufariki. Humo mna jina la Bandio, na la Asalo, na la Boheheli.